Bolti za hedi ya gari dogo: Kipimo, si misuli, ndicho huokoa injini

GARI dogo linapochemsha maji na kuzimika barabarani, mara nyingi mwenyewe huambiwa na fundi kwamba gasketi ya hedi imeungua. Gasketi mpya hununuliwa, injini ikafunguliwa na kufungwa, na gari likaondoka gerejini likinguruma vyema. Baada ya wiki au miezi michache maji huanza tena kupungua, moshi mweupe hufuka nyuma, na lawama zote huelekezwa kwa duka la vipuri kwamba liliuza gasketi bandia.

Huenda kweli gasketi ilikuwa bandia. Hata hivyo, yupo mshukiwa mwingine ambaye huchunguzwa kwa nadra, nayo ni namna bolti za hedi zilivyokazwa. Gasketi bora kabisa haiwezi kudumu iwapo bolti zinazoibana zimekazwa kwa kukisia, kwa pupa au bila kufuata mpangilio. Kazi hiyo ya saa moja hivi ndiyo huamua iwapo fedha zilizotumika kufungua injini zimefaidi au zimepotea.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika ndani ya injini bolti hizo zinapokazwa, hatua zinazostahili kufuatwa, na mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyaangalia hata kama hajawahi kushika spana.

Kazi ya hedi na gasketi

Injini ya petroli ya gari dogo ina sehemu mbili kubwa zilizobebana. Chini kuna bloku, ambamo mna silinda na pistoni. Juu ya bloku hukalishwa kichwa cha silinda, ambacho mafundi nchini hukiita hedi. Ndani ya hedi mna vali, njia za kuingizia hewa na petroli, njia za kutolea moshi, mashimo ya plagi, pamoja na mifereji ya maji na oili. Baina ya hedi na bloku hulazwa gasketi.

Kipande hicho chembamba hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Huzuia moto na gesi visitoke ndani ya silinda, huzuia maji ya rejeta yasiingie katika silinda wala katika oili, na huzuia oili yenye shinikizo isivuje. Gasketi haifanyi kazi hiyo kwa uwezo wake pekee. Hutegemea kubanwa kwa nguvu nyingi, na zaidi ya yote, kubanwa kwa usawa.

Ukubwa wa nguvu inayopambana na gasketi waweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Injini ya Toyota aina ya 5A-FE, yenye ujazo wa cc 1,498, ina silinda nne na kila moja ina kipenyo cha milimita 78.7. Petroli inapowaka na kuzalisha shinikizo la bar 50, hedi husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani mbili na nusu katika silinda hiyo moja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,500 katika dakika hiyo. Kwa hivyo gasketi hupigwa msukumo huo maelfu ya mara katika safari fupi tu ya kwenda sokoni.

Zaidi ya hayo, kuna suala la joto. Hedi ya injini hiyo imeundwa kwa alumini ilhali bloku yake ni ya chuma cha kusubu. Alumini hutanuka takriban maradufu ya chuma. Hedi yenye urefu wa sentimita 40 ikipata joto kutoka nyuzijoto 20 hadi 90, hurefuka kwa zaidi ya nusu milimita, huku bloku iliyo chini yake ikirefuka kwa takriban theluthi moja ya milimita. Kila gari linapowashwa na kupoa, nyuso hizo mbili husuguana juu na chini ya gasketi. Bolti zikiwa zimelegea au zimebana upande mmoja kuliko mwingine, msuguano huo hufungua mwanya polepole.

Bolti ni mithili ya springi

Wengi hudhani kwamba bolti hushikilia hedi kwa sababu imefika mwisho wa tundu lake na haiwezi kuzunguka tena. Ukweli ni tofauti. Bolti ya chuma inapokazwa huvutika na kurefuka kidogo mno, mithili ya springi iliyovutwa. Chuma hicho hutaka kurudi katika urefu wake wa awali, na katika jitihada hiyo huivuta hedi chini dhidi ya bloku. Ule mvuto ndio unaobana gasketi. Bolti imara yenye unene wa milimita 10 yaweza kubana kwa nguvu ya karibu tani nne.

Kutokana na ukweli huo, yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, bolti isiyovutika vya kutosha haibani, hata kama fundi anaihisi kuwa ngumu mkononi. Pili, kuvutika kuna mpaka wake. Chuma kikivutwa kupita kiasi fulani hakirudi tena katika urefu wake wa kwanza, na kikizidi kuvutwa hukatika. Bolti nyingi za hedi za magari ya kisasa hukusudiwa kukazwa hadi karibu na mpaka huo, au kuupita kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya kubana huwa nyingi na sawa katika bolti zote. Ndiyo sababu kipimo kinachotolewa na mtengenezaji hakipaswi kupunguzwa wala kuzidishwa kwa hiari ya fundi.

Kwa nini mkono hudanganya

Nguvu inayotumiwa kuzungusha spana haiendi yote katika kuvuta bolti. Wahandisi hukadiria kwamba takriban nusu yake hupotea katika msuguano chini ya kichwa cha bolti, na asilimia 40 hivi hupotea katika msuguano wa hesi, yaani ile mikato ya mzunguko iliyo kwenye bolti na ndani ya tundu. Ni takriban asilimia 10 pekee inayofanya kazi ya kuvuta bolti.

Hii ina maana kwamba badiliko dogo la msuguano huleta tofauti kubwa. Chukua bolti mbili zilizokazwa kwa nguvu ile ile, moja ikiwa na kutu na uchafu katika hesi zake na nyingine ikiwa safi na imepakwa oili. Ya kwanza itahisi ngumu mapema ilhali haijabana, nayo ya pili itabana vilivyo. Hata spana ipimayo nguvu, ambayo wengine huiita spana ya toki, haiwezi kuitambua tofauti hiyo, sembuse mkono wa binadamu. Kwa njia ya kupima nguvu peke yake, mbano wa bolti moja waweza kutofautiana na wa jirani yake kwa robo au zaidi.

Ili kuikwepa hitilafu hiyo, watengenezaji walibuni njia ya kupima pembe. Kwanza bolti hukazwa kwa nguvu ndogo inayoondoa mianya na kukalisha gasketi. Kisha huzungushwa kwa pembe maalumu, kwa mfano robo mzunguko. Kwa kuwa hesi husonga kwa kiasi kile kile katika kila mzunguko, pembe huamua ni kwa kiasi gani bolti itavutwa, bila kutegemea sana hali ya msuguano. Tuseme hesi ya bolti husonga milimita 1.25 katika mzunguko mmoja. Nusu mzunguko husonga milimita 0.625, iwe bolti inahisi nyepesi au nzito mkononi.

Matayarisho kabla ya kukaza

Kazi ya kukaza huharibika mara nyingi kabla bolti ya kwanza haijaguswa. Hatua ya mwanzo ni kuiacha injini ipoe kabisa kabla ya kuifungua. Hedi ya alumini ikifunguliwa ingali moto yaweza kupinda. Bolti hulegezwa kwa mpangilio unaopingana na ule wa kukaza, yaani kuanzia pembezoni kuelekea katikati, na kwa awamu kadhaa. Kila bolti hulegezwa kidogo kabla ya kurudi kwa ya kwanza.

Bolti zinapotolewa, yafaa zipangwe katika kipande cha katoni kilichotobolewa matundu kulingana na nafasi zake. Katika injini ya 5A-FE kuna bolti 10 zenye urefu wa aina mbili, milimita 90 na milimita 108, na kila aina ina upande wake. Zikichanganywa, bolti fupi itashika hesi chache mno mahali palipohitaji ndefu.

Hatua inayofuata ni kupima unyoofu. Rula ya chuma iliyonyooka hulazwa juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kisha vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mianya hujaribiwa kupitishwa chini ya rula hiyo. Kwa injini ya 5A-FE, uso unaokaa juu ya bloku haupaswi kupinda kwa zaidi ya milimita 0.05, kiasi ambacho ni chembamba kuliko unywele wa watu wengi. Uso wa bloku nao hupimwa vivyo hivyo. Hedi iliyopinda hupelekwa kwa mwenye mashine ya kusawazisha, almuradi haijapunguzwa kupita kimo kinachokubaliwa. Ni makosa makubwa kutarajia kwamba bolti zitainyoosha hedi iliyopinda. Zikiivuta kwa nguvu, hedi hukaa kwa muda ikiwa imekakamaa, na mahali kemshafti inapozungukia hupinda pia.

Mabaki ya gasketi ya zamani huondolewa kwa uangalifu. Alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi au wa kisaga cha umeme waweza kuwa njia ya gesi kutorokea. Kikwaruzi cha plastiki au cha mbao, pamoja na dawa ya kulainisha mabaki, hufaa zaidi.

Matundu ya bolti katika bloku hustahili uangalifu wa pekee. Injini inapofunguliwa, maji na oili hutiririka na kujaa humo. Majimaji hayashindiliki. Bolti ikikazwa katika tundu lililojaa, hukutana na majimaji hayo, spana ikaonyesha kwamba kipimo kimefika ilhali hedi haijabanwa. Mabaya zaidi, shinikizo linalotokea laweza kupasua bloku. Kwa hivyo matundu hukaushwa kwa kitambaa na kupulizwa kwa hewa ya pampu, fundi akiwa amevaa miwani ya kukinga macho.

Bolti zenyewe husuguliwa kwa brashi na kukaguliwa moja baada ya nyingine. Iliyopinda, iliyomegeka hesi au iliyo nyembamba sehemu moja kuliko nyingine hutupwa. Kisha oili safi ya injini hupakwa kidogo kwenye hesi na chini ya kichwa cha bolti. Neno kidogo lina uzito wake hapa, kwani oili inayodondoka hujaza tundu na kurudisha tatizo lile lile la majimaji.

Mfano wa Toyota 110

Kwa Wakenya wengi, gari linalofaa kuwa mfano ni Toyota Corolla ya kizazi cha nane, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1995 na kujulikana hapa kama Toyota 110. Magari mengi ya aina hiyo yaliletwa yakiwa na injini ya 5A-FE. Kwa sababu Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, 110 zilizosalia barabarani zimekuwa humu nchini kwa muda mrefu, na si ajabu kukuta injini iliyowahi kufunguliwa zaidi ya mara moja. Hatua za kukaza hedi yake ni hizi:

Kwanza, gasketi hulazwa juu ya bloku kwa upande unaofaa, matundu yake yote ya maji na oili yakilingana na ya bloku. Hedi hushushwa taratibu, pasipo kuiburura juu ya gasketi.

Pili, bolti zote 10 huingizwa kwa vidole hadi zishike. Bolti inayokataa kuingia kwa vidole huwa inaashiria hesi chafu au iliyoharibika. Hailazimishwi kwa spana.

Tatu, bolti hukazwa kwa awamu kadhaa hadi zifikie nguvu ya Nm 29, kiasi ambacho ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 10 kwenye mpini wa spana wenye urefu wa sentimita 30. Bolti zimejipanga kwa safu mbili za tano tano. Kazi huanza na bolti za katikati, ikavuka upande wa pili, kisha ikaendelea kwa kupokezana kuelekea ncha zote mbili. Mpangilio huo husukuma gasketi ilale kutoka katikati kwenda nje, jinsi mtu anavyolainisha mkunjo wa kitambaa kwa kiganja. Anayeanzia pembeni huacha uvimbe katikati usio na pa kwenda.

Nne, bolti yoyote ambayo haikubali kufikia Nm 29, kwa mfano inayozidi kuzunguka huku ikihisi laini, hutolewa na kubadilishwa. Bolti ya namna hiyo imekwisha nguvu, au hesi za bloku zimeng'oka.

Tano, alama ndogo ya rangi hutiwa juu ya kila kichwa cha bolti, upande unaoelekea mbele ya injini. Ifahamike kwamba injini ya gari hili imelazwa kwa upana, hivyo mbele ya injini ni upande wenye mikanda, wala si upande wenye taa za gari.

Sita, kwa kufuata mpangilio ule ule, kila bolti huzungushwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko. Ikimalizika ya kumi, alama zote zinapaswa kuelekea upande mmoja wa ubavuni.

Saba, mzunguko mwingine wa nyuzi 90 hufanywa kwa bolti zote, kwa mpangilio huo huo. Mwishowe alama zote zinatakiwa kuelekea nyuma ya injini. Alama moja ikielekea kwingine, bolti hiyo haijakazwa sawa na wenzake.

Nyuzi 180 haziunganishwi kwa mara moja. Kugawa zoezi hilo mara mbili huiwezesha hedi kushuka kwa usawa, badala ya kuvutwa kona moja na kuinuliwa nyingine.

Kila injini na kanuni yake

Vipimo vilivyotajwa ni vya injini hiyo na havifai kuhamishiwa kwa nyingine. Baadhi ya injini ndogo za Nissan, mathalani zile za familia ya GA zilizotumiwa miaka ya 1990, hutaka bolti zikazwe, kisha zilegezwe zote, na kukazwa upya. Kusudi la zoezi hilo ni kuikalisha gasketi kabla ya mkazo wa mwisho. Watengenezaji wengi wa Ulaya huagiza bolti mpya kila hedi inapofunguliwa, kwa kuwa za awali zimekwisha kuvutwa kupita mpaka. Wengine huruhusu zitumike tena, mradi zimepimwa urefu au unene na kupatikana hazijazidi kiwango.

Aidha, kuna injini ambazo bloku yake pia ni ya alumini, kama ile ya 1NZ-FE inayopatikana katika magari mengi madogo ya Toyota yaliyoundwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hesi za alumini hung'oka kwa urahisi kuliko za chuma. Bolti iliyokazwa kupita kiasi katika bloku ya aina hiyo yaweza kutoka na hesi zake, na hapo matengenezo huwa ya gharama kubwa zaidi.

Kitu kingine kinachowapotosha mafundi ni vizio vya vipimo. Kitabu kimoja huandika Nm 29, kingine futi-pauni 22, na kingine kilogramu-sentimita 300. Vipimo hivyo vyote vinakaribiana. Hata hivyo, fundi akisoma 29 kisha aiweke spana yake kwenye futi-pauni 29, atakuwa amezidisha nguvu kwa zaidi ya theluthi moja.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuongezea mpini wa spana kipande cha bomba na kukaza hadi bolti ilie. Mlio huo wa chuma haumaanishi kwamba bolti imefika. Mara nyingi ni kelele ya msuguano wa bolti kavu.

La pili ni kuitumia vibaya spana ya toki yenyewe. Spana inayolia huvutwa polepole na kwa mwendo mmoja, na fundi huacha kuvuta mara tu inapolia. Anayeendelea kuibonyeza iendelee kulia huongeza nguvu bila kujua. Vilevile chombo hicho hakipaswi kutumiwa kulegeza bolti zilizogoma, na kinapohifadhiwa hurudishwa kwenye kipimo chake cha chini ili springi yake isichoke.

La tatu ni kupaka gasketi rangi, grisi au silikoni kwa imani kwamba itashika vyema zaidi. Gasketi nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa na utando wake. Kinachoongezwa na fundi chaweza kuziba mfereji wa maji au kuizuia gasketi kukaa, isipokuwa pale kitabu cha mtengenezaji kinapoagiza hivyo kwa sehemu maalumu.

La nne ni desturi ya kurudi gerejini baada ya siku chache ili bolti ziongezewe mkazo. Desturi hiyo ilikuwa na maana kwa magari ya zamani ambayo gasketi zake zilizidi kunywea baada ya kupata joto. Kwa bolti zilizokazwa kwa pembe, kuongeza mkazo pasipo agizo la mtengenezaji ni kuivuta bolti iliyokwisha kuvutwa.

La tano ni kubadilisha gasketi na kukiacha chanzo. Gasketi huungua kwa sababu fulani. Yaweza kuwa feni isiyozunguka, thamostati iliyokwama, pampu ya maji iliyokufa au mfuniko wa rejeta uliolegea. Jijini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, maji huchemka yakifika takriban nyuzijoto 94, ilhali Mombasa huchemka yakifika 100. Mfuniko mzima unaoshikilia shinikizo la bar 0.9 hivi hupandisha kiwango hicho kupita nyuzijoto 110. Mfuniko ukiharibika, gari linalopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru huchemsha mapema, na hedi iliyokazwa kwa ustadi wote hupinda vivyo hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya kufunga

Kabla ya injini kuwashwa, oili na kichujio chake hubadilishwa, kwani maji yaliyoingia katika oili huharibu beringi. Mkanda wa taimingi hulinganishwa na alama zake, na injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ili kuhakikisha hakuna kinachogongana. Rejeta hujazwa polepole kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, hewa iliyonaswa ikiruhusiwa kutoka. Mfuko wa hewa ukibaki ndani ya hedi, sehemu hiyo hukosa maji na kupata joto kupita kiasi hata kama rejeta imejaa.

Injini huachwa inguruma taratibu hadi feni iwake yenyewe, huku fundi akitazama kama kuna mvujo. Baadaye, ikiwa imepoa, kiwango cha maji hukaguliwa tena na kuongezwa. Kupungua kidogo siku ya kwanza ni kawaida kwa sababu ya hewa iliyotoka. Kupungua kila siku si kawaida.

Katika wiki zinazofuata, dalili za kuchunguza ni nne: viputo vinavyotokea mfululizo katika rejeta injini inaponguruma, moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, na mipira ya maji inayokuwa migumu mara tu gari linapowashwa asubuhi. Utando mdogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili pekee hauthibitishi kwamba gasketi imeungua, hasa kwa gari linaloendeshwa safari fupi asubuhi zenye baridi, kwani unyevu wa hewa pia huuleta. Kwa vyovyote vile, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto. Maji yanayoruka humo huunguza uso na mikono vibaya. Maji yenye dawa ya rejeta yaliyomwagwa nayo yasiachwe chini, kwa kuwa mengi yana ladha tamu na ni sumu kwa watoto na wanyama.

Haki ya mwenye gari kuuliza

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili ajue kama kazi inafanywa ipasavyo. Anaweza kuuliza maswali machache kabla hajatoa fedha: Je, hedi itapimwa unyoofu, na kwa kifaa gani? Je, bolti zitatumika tena au ni mpya, na mtengenezaji anasemaje? Vipimo vya kukaza vimetoka wapi? Je, gereji ina spana ya toki inayofanya kazi? Ni nini kilichosababisha gasketi kuungua?

Fundi hodari hakasirishwi na maswali hayo, bali huyajibu kwa fahari. Wapo mafundi wengi wa jua kali wenye ujuzi wa miaka mingi, ambao kwa sauti ya injini peke yake hutambua plagi iliyokufa. Ujuzi huo ni wa thamani. Hata hivyo, kuvutika kwa bolti kwa sehemu ya milimita ni jambo ambalo sikio halilisikii wala kiganja hakilihisi. Ndiyo maana viwandani, ambako injini hizo huundwa, kazi hiyo haikuachiwa mkono wa yeyote bali iliwekewa namba.

Kwa dereva wa teksi ambaye gari ndilo shamba lake, tofauti baina ya kukisia na kupima ni tofauti baina ya kulaza gari mara moja na kulilaza mara tatu kwa mwaka. Gasketi ni ile ile, bolti ni zile zile. Kinachotofautiana ni iwapo kila bolti kati ya hizo kumi inabeba sehemu yake ya mzigo sawasawa na wenzake.